Mbuzi wa Mahafali

Jina langu halikuwako.
Nililitafuta ubaoni, nje ya ofisi ya msajili,
kwa kidole, kama mtoto wa chuoni afuataye alifu kwa kijiti:
nikapita Salim, nikapita Shamte,
na pale alipopaswa kuwa Shekue, Mwanakheri,
palikuwa na Sidi.
Nikarudi juu, nikaanza upya.
Labda wameniandika kwa jina la babu.

Karani alisema bila kuinua macho:
"Baiokemia. Thelathini na nane."
Kufaulu ni arobaini.
Alama mbili!
Hata muuza mabuyu hapa Kibokoni
huongeza mbili juu ya kipimo
na haandiki popote.

Na barua ya chuo cha udaktari i mkobani,
imechanika kwenye mikunjo kwa kuonyeshwa watu.
Mama kaionyesha kwa fundi cherehani,
kwa mwenye duka la kanga, kwa mletaji maji.
Tangu Machi, mtaa mzima waniita Daktari.
Bi Amria wa chini huniletea mkono wake kila Ijumaa,
na mashine ya presha aliyotumiwa na mwanawe toka Jeddah.
Mimi humfunga mkanda, nikasoma tarakimu,
nikatikisa kichwa kama niliyesomea.

Mbuzi alikuwa keshanunuliwa.
Beberu mweupe, sikio moja la kahawia,
kaletwa na pikapu toka Mariakani,
kafungwa chini ya ngazi angoje mahafali yangu.
Sufuria la watu mia limekopwa.
Kadi zimefika Lamu.

Siku tatu sikumwambia mtu.
Nilitoka asubuhi na joho mkononi, ati napeleka kupigwa pasi,
nikakaa Makadara kwenye benchi
na viazi vya karai visivyopita kooni,
nikilirudia swali la nne,
lile nililoliruka nikisema nitalirudia.

Usiku wa nne nikamwambia Mama. Alikuwa achambua mchele.
Hakuacha. Vidole tu vilikwenda mbio,
vikatupa chuya, vikatupa na mchele mzima.
Kisha: "Na kadi, hurudishwaje?"
Hakuniuliza nimeangukaje.
Nilitamani aniulize.

Barua ya kwanza kwa chuo cha udaktari ililia mno.
Ya pili ilijitetea: umeme ulikatika, Baba alilazwa.
Kweli tupu, yote. Nikaifuta.
Ya tatu ilikuwa fupi:
Nimeanguka somo moja. Nitalirudia Novemba.
Naomba mnihifadhie nafasi.
Isipowezekana, nitaomba tena mwakani.
Niliposoma "mwakani" kwa sauti
nikajua kwamba sitanii.

Wiki ya tatu hii. Hawajajibu.

Ijumaa, Bi Amria akaja na mkono wake.
"Bi Amria," nikasema, "mimi si daktari.
Hata hiki cha mwanzo sijakimaliza."
Akapandisha mkono wa dera, akaulaza mezani.
"Kwani mimi nimepona? Funga mkanda."

Mia na themanini na mbili, juu ya mia na nne.
Safari hii sikutikisa kichwa.
"Hizi si za kwangu," nikamwambia.
"Vaa buibui, twende kwa mwenye kujua."
Tukakaa foleni hospitali kubwa tangu adhuhuri hadi alasiri,
yeye kasinzia begani kwangu,
mimi na daftari la Baiokemia magotini,
swali la nne, taratibu,
nikigeuza kurasa kwa mkono mmoja nisimwamshe.

Mbuzi naye kaahirishwa.
Yuko pale pale chini ya ngazi, ala maganda ya muhogo,
azidi kunenepa.
Nikipita na daftari langu hunitazama
kama mtu asiye na haraka yoyote
na Novemba.